Mchezo Usiochezwa: Uhakiki wa Colors

Msomaji, desturi ya mhakiki ni kukisoma kitabu kabla ya kukihukumu, na mtu atoaye hukumu juu ya kitabu asichokifungua hastahili kusikilizwa. Leo nataka kukuomba ruhusa ya kuivunja desturi hiyo mbele ya macho yako. Kazi nitakayoihakiki ni mchezo wa video ulioitwa Colors, yaani Rangi, uliokuwa ukitungwa kwa ajili ya chombo kidogo cha kushika mkononi kilichoitwa Gizmondo. Mchezo huo ulitangazwa, ukangojwa, kisha ukafutwa kampuni yake ilipoanguka mwanzoni mwa mwaka 2006. Haukuuzwa dukani hata siku moja.

Pengine utasema kwamba kazi ya namna hiyo haina hakimu, kwa kuwa haikupata mwili. Lakini fikiri kidogo. Fundi akichora ramani ya nyumba, kisha fedha zikamwishia kabla msingi haujachimbwa, mtu mwenye akili bado aweza kuitazama ramani ile akasema: mlango huu umeelekea upepo mwema, bali jiko hili lingewajaza moshi wenye nyumba. Hawezi kusema kama kuta zingenyooka au zingepinda, maana hilo ni jambo la mikono ya mwashi. Aweza kusema habari ya kusudi. Basi nami sitasema neno juu ya uzuri wa picha za Colors wala juu ya wepesi wa kuucheza. Nitasema juu ya kusudi lake, ambalo lilijulikana waziwazi, na ambalo naona lilikuwa na wazo moja la thamani kubwa lililofungwa pamoja na kosa kubwa, kama lulu iliyotiwa katika pete ya bati.

Kwanza, habari ya chombo chenyewe. Gizmondo kilianza kuuzwa Uingereza tarehe 19 Machi 2005, na duka lake likafunguliwa London katika barabara ya Regent Street, ambako kodi ya duka si mzaha. Bei yake ilikuwa pauni 229, lakini mnunuzi aliyekubali kuletewa matangazo ya biashara katika kioo cha chombo chake aliweza kukipata kwa pauni 129. Kilikuwa na kamera, kilipiga muziki, kilituma ujumbe, na juu ya yote kilikuwa na kipokezi cha GPS, yaani kifaa kijuacho mahali kilipo duniani kwa msaada wa setilaiti. Wakati huo simu nyingi za watu hazikuwa na kipokezi hicho. Kampuni mama iliitwa Tiger Telematics, na kabla ya kuingia katika mambo haya ilikuwa ikiuza mazulia katika jimbo la Florida, Marekani. Matumizi yao yalikuwa makubwa kuliko mapato yao kupita kiasi. Vyombo vilivyouzwa inasemekana havikufika 25,000. Mwaka haukupita tangu siku ya kuzinduliwa, kampuni ikafilisika.

Yaliyofuata yangeweza kujaza riwaya. Mwezi wa Februari 2006, gari la Ferrari aina ya Enzo lilipasuka vipande viwili katika barabara ya pwani huko Malibu, California. Aliyekuwa nalo alikuwa Stefan Eriksson, Mswidi, ambaye alikuwa mmoja wa wakubwa wa Gizmondo, na ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa amehukumiwa kwao kwa makosa ya jinai. Najua hapa ulimi wa mhakiki huwashwa. Ni rahisi kusema: tazama, mchezo wa magenge ulitoka katika nyumba ya namna gani! Nakusihi usiifuate njia hiyo. Mashairi mazuri yameandikwa na watu wabaya, na mashairi mabaya yameandikwa na watu wa sala. Kampuni ilianguka kwa sababu za fedha. Kama Colors ulikuwa na kosa, kosa hilo lingekuwapo hata kama wenye kampuni wangalikuwa watawa.

Sasa tuitazame ile lulu. Juu ya dunia, kwa umbali wa kilomita zipatazo 20,200, huzunguka setilaiti za Marekani ambazo kwa mpango wake hazitakiwi kupungua 24. Kila setilaiti hutangaza saa yake bila kukoma. Kipokezi kilichoko chini husikia saa hizo, hupima muda ambao kila ishara imetumia safarini, na kikipata ishara za setilaiti nne huweza kukokotoa mahali kilipo. Setilaiti haikuoni wala haina habari nawe. Yenyewe hutaja saa yake na mahali ilipo tu, na chombo kilichomo mkononi mwako ndicho kifanyacho hesabu.

Jambo hili lilianzishwa kwa ajili ya majeshi, na kwa muda mrefu serikali ya Marekani iliitia ishara ya raia ukungu wa makusudi, hata kipokezi cha mtu wa kawaida kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Rais Bill Clinton aliamuru ukungu huo uondolewe, nao ukaondolewa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Kosa la mita 100 likashuka likawa kama mita 10 au 20. Msomaji, usizione tarakimu hizi kuwa kavu. Mita 100 ni mtaa mzima, pamoja na msikiti wake, duka lake na kiwanja chake. Mita 10 ni upande mmoja wa barabara. Usiku ule mashine zilijua kwa mara ya kwanza, kwa watu wote na bure, kama umesimama mbele ya duka au nyuma yake.

Siku moja tu baadaye, tarehe 3 Mei, mtu mmoja wa jimbo la Oregon alichukua ndoo, akaijaza vitu vidogo vidogo, akaificha msituni, kisha akawatangazia watu vipimo vya mahali alipoificha. Aliyeiona alitakiwa achukue kitu na aache kitu. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa kutafuta vilivyofichwa ambao hata leo huchezwa katika nchi nyingi. Iweke ndoo hiyo katika kumbukumbu yako, kwa maana nitairudia.

Colors ulikusudiwa kuwa mchezo wa kwanza wa chombo cha mkononi kuifanya GPS kuwa sehemu ya uchezaji wenyewe. Ulikuwa mchezo wa magenge ya mjini: vijana wenye silaha, wizi, magari na mapigano. Michezo ya namna hiyo ilikuwa mingi. Upya wake ulikuwa katika jambo hili, kwamba mahali mchezaji aliposimama hasa, kwa miguu yake, palikusudiwa kuingia katika mchezo, ili magenge ya wachezaji yagombanie mitaa ya kweli. Mtaa unaopita ukienda shule ungeweza kuwa wa genge lako au wa genge la mwenzio.

Nalisifu wazo hilo kwa moyo wote, na sifa yangu si ya adabu tu. Kabla ya hapo mchezo wa video ulikuwa na ada ya kumwondoa mtu mahali alipo. Mtoto aliketi katika chumba, mwili wake ukabaki kitini kama koti lililotundikwa, na yeye mwenyewe akawa mbali, katika ngome au katika anga. Watungaji wa Colors walithubutu kugeuza mambo. Walisema: mwili uje nao. Hatua iwe hatua ya kweli, kona iwe kona ya kweli, na anayetaka kufika ng'ambo ya mto atafute daraja. Kipokezi cha GPS hakisikii vizuri ndani ya nyumba, hivyo mchezo huo ungemlazimu mtu atoke nje chini ya mbingu. Katika mwaka 2005 hilo lilikuwa jambo la kishujaa, nao waliotangulia kulifikiri wanastahili heshima yao, ijapokuwa kazi yao ilifia tumboni.

Lakini je, baada ya kumtoa mtu nje, walimpa kazi gani huko? Walimwambia autwae mtaa.

Hapa ndipo ninapoanza kushindana nao, na nataka unielewe vyema. Sisemi kwamba mchezo wa vita ni dhambi. Sataranji ni vita vya wafalme wawili. Bao letu pia ni mchezo wa kuteka, na asiyeteka hashindi. Bao hata lina shimo liitwalo nyumba, na wachezaji hodari huilinda nyumba hiyo kwa hila nyingi. Lakini nyumba ile haina mtu alalaye ndani yake. Haina mama aungojaye mwana arudi jioni, wala mzee aliyeketi barazani akitazama wapitao. Zikitekwa kete zake zote, hapana jirani atakayeamka asubuhi akakuta jambo limebadilika mlangoni pake. Mbao za bao hazina wenyeji, na kwa sababu hiyo twaweza kuteka humo kwa furaha safi.

Mtaa una wenyeji. Mara ubao wa mchezo uwapo barabara ya watu, wale waishio humo wamekwisha kuingizwa katika mchezo, nao hawakuulizwa. Wachezaji wawili wamekubaliana kugombana. Watu mia tatu wa mtaa hawakukubali kitu, wala hawajui kwamba usiku wa jana mtaa wao uliandikwa kuwa mali ya genge fulani. Utaniambia kwamba hawadhuriki, kwa kuwa hawajui. Labda. Lakini jina la mchezo wenyewe lanizuia nisikubali upesi.

Neno lenyewe, Colors, halikuokotwa njiani. Huko Los Angeles, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, magenge mawili makubwa ya vijana, Crips na Bloods, yamejulikana kwa rangi: ya kwanza buluu, ya pili nyekundu. Filamu iliyoongozwa na Dennis Hopper katika mwaka 1988 juu ya magenge hayo na polisi wa mji huo iliitwa kwa jina hilihili, Colors. Rangi hizo hazikuwa pambo. Kijana aliyevaa kitambaa cha buluu katika mtaa wa nyekundu aliweza kupigwa risasi, na wako waliopigwa risasi ambao hawakuwa wa genge lolote, bali nguo tu waliyovaa asubuhi. Waliouawa katika ugomvi wa magenge mjini humo na kandokando yake walihesabiwa kwa mamia kila mwaka.

Katika siku za mwisho za Aprili 1992 vijana wa magenge ya Watts, sehemu ya kusini ya mji, walifanya jambo lililowashangaza wengi: walipatana. Vijana wa maghorofa ya Imperial Courts, Jordan Downs na Nickerson Gardens, ambao hawakuweza kutembeleana bila kuhatarisha maisha, wakakubaliana kuacha kuuana. Kwa kielelezo cha mapatano yao walitumia mkataba wa kusimamisha vita kati ya Misri na Israeli wa mwaka 1949. Fikiri juu ya hilo, msomaji. Vijana ambao magazeti yaliwaita wahuni walifungua karatasi za mataifa wakatafuta humo maneno ya kuwawezesha kuvuka barabara. Walichokuwa wakikitafuta kilikuwa kitu kidogo sana na kikubwa sana: mtu aweze kwenda kumwona bibi yake aliye upande wa pili.

Sasa uweke mchezo wetu pembeni ya habari hiyo. Miaka 13 baadaye, katika London, kampuni moja ikatangaza chombo ambacho kingemwezesha mtoto aliyenunuliwa kwa pauni 229 kuigawa mitaa ya kweli kwa rangi, kama mchezo wa jioni. Mkono ulewale wa ufundi ungaliweza kutunga mchezo wa mtu ajaribuye kuvuka mitaa sita afike kwa bibi yake. Huo ungekuwa mchezo mgumu, wenye hofu na hila na ushujaa ndani yake, na GPS ingekuwa ndiyo uhai wake. Haukutungwa. Walichagua lile ambalo vijana wa Watts walikuwa wamechoka nalo.

Najua jibu litakalotolewa, nalo ni jibu zuri. Watasema: mbona mchezo mwingine wa zama zilezile, Grand Theft Auto: San Andreas, uliotoka Oktoba 2004, una magenge, una mitaa ya kutekwa, una rangi, na wahakiki wengi waliusifu? Ni kweli. Mchezo huo si wa watoto, na ninapoutaja sikutumi kwenda kuutafuta. Lakini angalia watungaji wake walifanya nini. Waliutazama mji wa Los Angeles kwa makini, kisha wakabuni mji mwingine wakauita Los Santos. Waliyatazama magenge, kisha wakabadili rangi zake: genge la mhusika mkuu huvaa kijani, na adui zake wakubwa huvaa zambarau. Mtu anayeuteka mtaa wa Los Santos hateki mtaa wa mtu yeyote, maana Los Santos haimo katika ramani ya dunia.

Kubadili jina na rangi kwaweza kuonekana jambo dogo, nami naliona kuwa ndilo kazi yenyewe ya mtungaji. Mwandishi wa hadithi aipendaye kijiji chake hukipa jina jingine, akaunganisha watu wawili kuwa mmoja, akahamisha mto. Hafanyi hivyo kwa kuogopa mashtaka tu. Hufanya hivyo ili apate nafasi kati ya mambo yalivyo na mambo anayoyasema, na katika nafasi hiyo msomaji huweza kusimama akafikiri. Palipo na nafasi hiyo, hata habari ya damu huweza kutazamwa bila kuongeza damu. GPS, kwa tabia yake, huiondoa nafasi hiyo. Huo ndio utamu wake, na hiyo ndiyo hatari yake. Mtungaji anayeamua kuiondoa nafasi hiyo amejitwika mzigo ambao mtungaji wa Los Santos hakuubeba: yapasa awajibike kwa mahali penyewe. Colors ulitaka utamu wa mahali pa kweli, na uhuru wa mahali pa kubuni, vyote kwa pamoja.

Na tusisahau jambo la kawaida kabisa, ambalo wenye akili nyingi hulipita. Mchezaji angesimama wapi? Nje, kama nilivyosema, mahali pa wazi, katika mtaa usio wake, macho yake yakiwa katika kioo chenye bei kubwa, akishughulika kuutwaa mtaa huo. Wenyeji wangemwona. Sihitaji kukuambia zaidi. Wewe mwenyewe wajua jinsi mtaa umtazamavyo kijana mgeni aliyesimama bila sababu.

Colors ukafa, na wazo lake likaendelea kuishi mahali pengine. Katika mwaka 2012 Niantic, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Google, ilianza kutoa mchezo uitwao Ingress. Humo wachezaji hugawanyika pande mbili, kijani na buluu, nao huteka mahali pa kweli kwa kufika hapo na simu zao mkononi. Waona basi: rangi zile na kuteka kulekule. Nilipolitambua hilo mara ya kwanza nilifikiri hoja yangu yote imeanguka. Haikuanguka, kwa sababu ya jambo moja. Kinachotekwa katika Ingress si mtaa wa watu, bali ni sanamu, au mchoro ukutani, au jengo la kale, au maktaba. Na mahali hapo palipendekezwa kwa wingi na wachezaji wenyewe, waliotakiwa kuonyesha kitu chenye kustahili kutazamwa. Hivyo mtekaji hulazimika kwanza kuwa mtazamaji. Rangi nazo, kijani na buluu, hazikuchukuliwa katika jeneza la mtu. Kuna ile ndoo ya Oregon ndani ya mchezo huu, ijapokuwa imefunikwa kwa vita: mtu aliyependa mahali fulani amewawekea wengine kitu hapo.

Juu ya msingi huo ulijengwa Pokémon Go, uliotoka Julai 2016 ukatembeza mamilioni ya watu barabarani. Nao una pande zenye rangi, nyekundu na buluu na manjano, na hapana aliyeziogopa. Lakini hata mchezo huo mpole ulionyesha upesi kwamba mahali pana wenyewe. Kwa kuwa ramani yake ilirithiwa kwa Ingress, vituo vyake vilikuwa vingi mahali ambapo wachezaji wa Ingress walikuwa wakiishi na kutembea. Katika mwaka huohuo waandishi na wachunguzi walionyesha kwamba katika miji kadhaa ya Marekani mitaa ya watu weusi ilikuwa na vituo vichache kuliko mitaa ya weupe. Si kwamba mitaa hiyo haikuwa na kitu cha kutazamwa. Hapakuwa na aliyekiandika. Ramani ya mchezo iliwafuata waliokuwa na simu na nafasi, ikawaita hao dunia.

Hapo waonekana upungufu wa GPS ambao hakuna fundi awezaye kuuondoa. Setilaiti nne zaweza kukuambia uko nyuzi ngapi kusini mwa ikweta na nyuzi ngapi mashariki mwa Greenwich, hata kwa hatua chache. Haziwezi kukuambia umefika kwa nani. Kipokezi cha Gizmondo, kama kingepelekwa katika maghorofa ya Jordan Downs, kingetoa tarakimu zake sawasawa, kama ambavyo kingezitoa katika uwanja mtupu. Kujua maana ya mahali ni kazi iliyoachwa kwa mtungaji, na ndiyo maana namlaumu mtungaji wala siilaumu mashine.

Wenye nyumba kadhaa wa Marekani waliishtaki kampuni ya Pokémon Go kwa sababu ya umati uliowajia, na shauri likaishia katika mapatano mwaka 2019, kampuni ikikubali kuyashughulikia malalamiko ya namna hiyo. Mapema zaidi, Julai 2016, makumbusho ya mauaji ya Wayahudi katika Washington iliwaomba wageni wasiucheze mchezo huo ndani yake. Na mji wa Hiroshima, ambao kila tarehe 6 Agosti huwakumbuka waliouawa na bomu la mwaka 1945, uliomba vituo vya mchezo viondolewe katika bustani yake ya amani kabla ya siku hiyo ya ukumbusho. Viliondolewa.

Ombi la Hiroshima lilikuwa la adabu, na lilijibiwa kwa adabu. Lakini lilihusu vinyama vya katuni, ambavyo havikumkusudia mtu ubaya wowote. Wenyeji wa mitaa ambayo Colors ungaliigawa kwa rangi wangalikuwa na jambo zito zaidi la kuandika, na kampuni ya kuandikiwa ilikuwa imekwisha kufilisika kabla barua ya kwanza haijahitajiwa.